Matundu Matatu ya Lyle Sundquist

Shemeji yangu Lyle Sundquist alikuwa mtu wa kukera. Nasema hivyo kwa mapenzi, maana nimekaa na dada yake Arlys miaka mingi na ukoo wao naujua. Wakishika jambo hawaachi, na ukiwashauri wanakutazama kana kwamba umeingia sebuleni kwao na viatu vya matope. Kazi yake ilikuwa kunoa misumeno kwenye kiwanda cha mbao cha hapa kwetu, magharibi mwa Montana. Ilikuwa misumeno mirefu kuliko chumba cha kulala, naye aliinoa jino kwa jino. Kiwanda kilipofungwa kilimwachia vumbi la chuma kifuani. Daktari alimweleza maradhi yake kwa lugha ya kidaktari, na Lyle akatueleza sisi kwa lugha yake: "Mapafu yangu yamegeuka msasa."

Hakuoa. Alichokuwa nacho ni bunduki ya marehemu baba yake na gereji ambayo gari halikuwahi kulala ndani yake. Humo ndimo alimojazia risasi zake mwenyewe, kama wanavyofanya wengi huku. Anachukua ganda lililokwisha kupigwa, analisafisha, anatia fataki mpya, kile kiwashio kidogo, kitakoni, anapima baruti kwenye mizani ndogo chembe kwa chembe, halafu anakiketisha kichwa cha risasi mdomoni mwa ganda kwa kuvuta mkono wa mashine. Risasi ya dukani hakuigusa. Alisema ni kama suruali ya kuazima, inaingia lakini haikukai.

Alikuwa na kipimo kimoja cha baruti alichokiamini, alichoachiwa na baba yake. Kilikuwa kipimo cha upole. Risasi ilitoka bila papara, na ukipiga tatu unaweza kuzifunika zote kwa sarafu moja. Tatizo ni kwamba risasi ya polepole huanza kushuka mapema, na upepo hupata nafasi ya kuichezea njiani. Kwa hiyo usogee karibu, utambae, ulale tumboni kwenye miiba, ndipo upige. Lyle aliona hiyo ndiyo adabu ya uwindaji. Vijana wakija kwenye mgahawa wa Bev na hadithi za risasi zao za mbio, alikuwa akiwakata maini.

"Inakwenda mbio, sawa," angemwambia mmoja. "Inakwenda wapi?"

Mgahawa mzima ungecheka, na yeye angerudi kwenye kahawa yake bila kutabasamu. Nilimpenda sana siku hizo.

Sasa, huku kwetu kuna kibali cha kuwinda dume wa kondoo wa majabalini, yule mwenye pembe zilizojikunja shavuni. Hakinunuliwi hivi hivi. Kila mwaka unaomba, majina yanachanganywa, wachache wanatajwa. Watu wengi wanaomba tangu ujana mpaka wanazikwa. Baba yake Lyle aliomba mpaka akafa. Lyle alianza kuomba akiwa hana ndevu, na kila mwaka alipokosa alisema, "Basi, hata mwaka huu kondoo wamepona." Kibali hakiuzwi, hakirithiwi, humpi ndugu yako akakitumia. Ni chako, na msimu ukiisha nacho kimeisha.

Mwaka alioanza kutembea na mtungi wa hewa begani ndio mwaka jina lake lilipotajwa.

Alikuja kwetu na ile karatasi mkononi. Arlys alilia akamkumbatia. Mimi nilimshika bega, nikatazama ule mpira wa hewa puani mwake. Wale kondoo hawakai bondeni. Wanakaa penye mawe matupu, mahali ambapo hata farasi anakataa.

"Usinitazame hivyo, shemeji," Lyle akasema. "Bado sijafa."

"Nimesema kitu?"

"Uso wako umesema. Una uso wenye domo kuliko domo lenyewe."

"Haya, niambie basi. Utapandaje?"

"Sipandi. Nitakaa chini kwenye kile kilima cha kijito, nipige ng'ambo ya pili."

Nilikijua kile kilima. Gari linafika karibu yake. Kutoka pale mpaka majabalini ni mbali mno kwa kipimo cha baba yake. Risasi ile ingefika imechoka, imeshuka, upepo umeshaipeleka unakotaka. Nilimwambia. Akanijibu kuwa anajua, na ndiyo maana atatafuta kipimo kipya, cha mbio.

Niliketi. Ilikuwa kama kumsikia padri akisema ataanza kucheza kamari.

Kiangazi kizima tulikuwa kwenye shimo la kokoto nje ya mji. Mimi nilibandika karatasi za shabaha, yeye akapiga akiwa ameegemea meza, mtungi wake chini kando ya kiti. Mbele ya mtutu tuliweka kile kidude cha kupima mwendo wa risasi. Aliongeza baruti kidogo, akapiga. Mwendo ukapanda, matundu yakatawanyika. Akaongeza tena. Mwendo ukapanda zaidi, na karatasi ikawa kama mtu amemwaga maharage. Akabadilisha aina ya baruti. Akabadilisha vichwa vya risasi, akatia vizito, akatia vyepesi. Akarudi nyuma kidogo, matundu yakakusanyika lakini mwendo ukaanguka. Alichopata mkono wa kulia, mkono wa kushoto ulikirudisha.

Siku moja komeo la bunduki liligoma kufunguka. Alilipiga kwa kiganja mara kadhaa ndipo ganda likatoka, na fataki yake imebapa kama imekaliwa na mtu. Kila anayejaza risasi anaijua dalili ile. Bunduki inakuambia baruti imezidi, inatosha.

"Lyle," nikasema, "mbio za sakafuni huishia ukingoni."

"Nipe karatasi nyingine."

"Utapasua hicho chuma usoni mwako, na dada yako ataniua mimi."

"Akikuua tutakuwa pamoja. Nipe karatasi."

Nilimpa. Ningefanya nini? Kila jioni alikohoa njia nzima tukirudi, na kila asubuhi alikuwa mlangoni kwangu kabla sijamaliza kunywa chai. Sikuwa na moyo wa kumwambia akae nyumbani aangalie dirishani.

Mwishoni mwa Agosti akapiga tatu kwa kipimo kilichokuwa kidogo chini ya kile kilichotutisha. Nilikwenda kutazama. Matundu matatu yalikuwa yamegusana, mwendo wake ni ule ule alioutaka. Nilipiga kelele kutoka kule kule. Nilimletea ile karatasi. Akatoa kisu, akaikata pale penye matundu, akaiweka mfuko wa shati.

"Hiyo hapo," akasema. "Mbio na shabaha, sahani moja."

"Ni nzuri mno. Sasa piga kumi."

Akanikazia macho. "Kumi za nini?"

Nilijua yeye anajua. Ndiye aliyenifundisha. Risasi tatu zinaweza kuangukia pamoja kwa bahati tu, hata kipimo kibovu kina siku yake njema. Ukitaka ukweli unapiga nyingi, na ule uzuri ukibaki, ndio wake kweli. Lyle alikuwa amewacheka watu wazima kwa kuamini risasi tatu. Ni kosa la watu wanaojaza risasi wenyewe, na wote tumelifanya, maana ukishaiona ile karatasi nzuri hutaki kuuliza swali la pili.

"Kumi za kuhakikisha," nikasema. "Wewe si ndiye uliyesema tatu ni porojo?"

"Nimechoka, shemeji. Bega linaniuma."

"Basi kesho."

"Hata kesho." Alianza kufungasha. "Nimeipata. Usiniharibie."

Nilimlalamikia Arlys usiku ule tukila. Nikasema kaka yake anajidanganya, na mnyama ndiye atakayelipa. Arlys aliweka uma chini.

"Mwache na karatasi yake," akasema. "Ana nini kingine?"

Arlys alikuwa na haki, na mimi nilikuwa na haki, na haki zetu mbili hazikutusaidia kitu. Lyle akaionyesha ile karatasi kwa Bev na kwa kila aliyekuja kunywa kahawa. Wale vijana aliokuwa akiwakata maini waliitazama kwa heshima, wakampongeza, wakamwita mzee wa kazi. Hakuna hata mmoja aliyeuliza kuhusu kumi. Sijui kama ni ujinga au ni huruma.

Tulikwenda Novemba. Kijito kilikuwa na barafu kando kando. Nilimbebea bunduki, mtungi na mto wa kulalia, naye akapanda kile kilima kwa kupumzika kila hatua chache, uso wake rangi ya majivu. Mimi sikuchukua bunduki yangu. Kibali kilikuwa chake, na mwenye kibali ndiye anayepiga. Tulikaa tukinywa supu kutoka chupa ya chai, darubini machoni. Alitania kidogo. Alisema akimpata yule dume, pembe zitakwenda ukutani kwa Bev ili vijana wawe wanakula wakitazamwa.

Baada ya adhuhuri dume mmoja akatokea ng'ambo, juu ya mteremko wa mawe. Ni mkubwa, pembe zimejikunja mpaka zimepita jicho. Alisimama ubavu, akitazama bonde kama mwenye shamba. Nilipima umbali kwa kile kidude cha kupimia. Ulikuwa ndio ule tuliousema, wala haukuzidi.

"Upepo?" Lyle akauliza.

"Kimya."

Akalala, akavuta hewa ya mtungi, akaishikilia. Nilimwona amekuwa kijana tena kuanzia shingo kwenda juu. Halafu akapiga.

Nilisikia risasi ikifika, sauti ile butu ya kupiga mwili, na moyo wangu ukaruka kwa furaha. Kisha nikamwona dume akijikunja mgongo. Nikajua imeingia nyuma mno, tumboni, mbali na mahali pake kwa urefu wa mkono mzima.

"Tena!" nikapiga kelele. "Piga tena, Lyle!"

Lakini teke la bunduki lilikuwa limemfungulia kikohozi. Alikuwa amejikunja kando ya bunduki, ngumi kifuani, mpira wa hewa umemtoka puani. Nilipomrudishia mpira na akapata pumzi, dume alikuwa ameshapanda na kuingia kwenye majabali, akivuta mguu mmoja mmoja.

Nikavuka kijito, nikapanda. Nilikuta damu kwenye mawe, nyeusi, damu ya tumbo. Niliifuata mpaka penye ukuta wa jiwe lililopakwa barafu. Nilijaribu upande huu, nikajaribu ule. Nikateleza, nikang'ang'ania kichaka kimoja kama mtoto sketi ya mama yake, na chini yangu hakukuwa na kitu. Nilikaa pale nikimtukana kila mtu, Lyle kwanza. Halafu nikashuka.

Nilimkuta ameketi, darubini usoni. Kibali kilikuwa kwenye goti lake, na alikuwa ameshakikata kwa kisu mahali pa mwezi na tarehe, kama anavyofanya mtu aliyemshika mnyama wake mkononi, na kibali kikishakatwa kimetumika.

"Umefanya nini?" nikasema. "Sheria haijakulazimisha. Hujampata. Msimu bado una wiki nzima."

"Nimemwaga damu yake. Huyo ndiye wangu."

"Lyle, tunaweza..."

"Mwenye adabu hapewi wawili." Hakuondoa darubini. "Yule pale. Chini ya ule mti uliokauka, kwenye ukingo. Amelala."

Nikatazama. Alikuwa amelala kwenye ukingo mwembamba, juu sana, miguu chini yake na kichwa kimesimama. Alikuwa akitutazama au akitazama bonde, sijui. Nikapima umbali. Nikapima tena, nikitumaini nimekosea. Hakuna risasi ya Lyle, ya mbio wala ya polepole, ambayo ingefika pale na kufanya kazi ya maana.

"Kesho alfajiri nitazunguka kwa nyuma," nikasema. "Nitachukua kamba."

"Redio imesema theluji."

"Redio inasema mengi."

Alishusha darubini na kunipa. Macho yake yalikuwa yamejaa machozi, hakuyaficha, na mimi sikujua niweke wapi uso wangu. Katika miaka yote hiyo sikuwahi kumwona analia, hata tulipomzika baba yake.

"Nilijua, shemeji," akasema. "Ningepiga kumi ningejua zaidi, ndiyo maana sikupiga."

  Nilimfunika blanketi. Nikamwambia twende garini, kuna baridi, akatikisa kichwa. Akasema hawezi kumwacha yule dume peke yake.

"Simwoni vizuri tena," akasema baadaye. Jua lilikuwa limeshapita nyuma ya mlima. "Nitazamie. Kichwa bado kiko juu?"

"Bado."

Tukakaa. Alivuta hewa yake ya mtungi, nikaisikia ikiingia na kutoka.

"Sasa?"

"Bado, Lyle."

Aliniuliza tena na tena, na kila mara nikamjibu hivyo hivyo. Kisha mawe yote yakawa rangi moja, na mti, na ukingo. Akaniuliza, nami nikaendelea kushikilia darubini machoni, sioni kitu.