Godoro la Binti wa Koplo

Katika kambi yetu ya polisi, mzazi akifa, jirani huenda kuchukua godoro la mtoto, na mtoto humfuata. Ndivyo nilivyompata binti wa koplo wa mlango wa pili, akiwa na miaka sita, jioni ya siku tuliyomzika koplo huyo, mama yake. Hakuna aliyetia sahihi popote.

Mwaka wa tatu, redio ikatangaza utaratibu mpya wa serikali: kila anayelea mtoto asiye wake ajiandikishe, ili mtoto apate ulinzi. Wanawake wenzangu walicheka. "Wewe nyamaza tu," waliniambia. Lakini mimi, mke wa polisi, nikajifanya raia mwema. Nikamvalisha binti sare za shule, tukaenda ofisi ya ustawi.

Afisa, dada mmoja mpole, alimfungulia faili, akaniita bibi kwa Kiganda. "Nyabo, sasa leta tu barua ya mwenyekiti wa mtaa."

Mwenyekiti nilimkuta akipanga nyanya zake sokoni Nakawa. "Kambi si eneo yangu," alisema. "Ile ni ya serikali." Nikaenda kwa mkuu wa kambi. "Mimi iko na askari," akanijibu. "Mtoto ni raia. Peleka kwa mwenyekiti." Nikarudi sokoni. Muhuri wake ulikuwa pale pale kando ya mizani, nikatamani kuunyakua nikimbie nao. Wiki tatu nilipigwa danadana hivyo, na binti akikosa masomo kila nilipoambiwa nije naye.

Mwishowe afisa akaniambia kwamba bila barua mimi ni mlezi asiyetambulika. Faili limeshafunguliwa, haliwezi kukaa hivyo. Ijumaa gari litakuja kumpeleka binti kwenye makao ya watoto.

"Miaka mitatu amekula kwangu!" nilifoka. "Leo ndiyo sitambuliki?"

Alitazama mlango, akashusha sauti. "Nyabo, lakini kwa nini ulikuja? Ungekaa tu."

Nilikuwa na hasira naye, na redio, na muhuri, ila zaidi na nafsi yangu. Binti alikuwa kwenye benchi nyuma yangu, amesikia yote.

Alhamisi jioni nilimkuta amelikunja godoro lake, amelifunga kamba na kulisimamisha mlangoni.

"Mama," aliniuliza, "hao watu watakuja kubeba godoro, ama nibebe mwenyewe?"