Paa la Bibi Katika Shamba la Ibra

Makuti ya mtende yakirowekwa hutoa harufu ambayo sijaweza kuieleza kwa usahihi, nami ni mtu ninayeteseka nikikosa usahihi. Si harufu ya majani tu, wala ya tope. Ina uchachu kidogo, kama maji ya mchele yaliyolala. Mwezi uliopita nilikuwa katika mji wa Izki nikipima nyumba kongwe ya shamba kwa ajili ya tasnifu yangu ya uzamili. Fundi mmoja akamwagia maji mzigo wa makuti ili yalainike, na mimi nikajikuta nimekaa chini, utepe wa kupimia umeniponyoka, nikilia mbele ya watu nisiowajua. Wao sikuwaambia sababu. Nyinyi nitawaambia.

Shamba letu lilikuwa nje kidogo ya mji wa Ibra, katika nchi ya Waarabu, na nyumba yake haikujengwa siku moja. Kiini chake kilikuwa vyumba viwili vya matofali ya udongo, vyenye kuta nene hivi kwamba mimi, mtoto wa miaka sita, niliweza kujilaza ndani ya dirisha bila miguu kutokeza upande wa pili. Paa lilikuwa bapa, kama mapaa yote ya huko: magogo ya mitende, juu yake mikeka, juu ya mikeka udongo ulioshindiliwa. Baadaye likaongezwa ghala la tende, sakafu yake imechorwa vijifereji vya kukusanyia asali iliyochuruzika kutoka kwenye vikapu vilivyopandana. Kisha Babu akajenga banda la ng'ombe na majani yao. Mwisho Ami Nasoro, kaka yake baba, akaleta chumba cha saruji chenye kiyoyozi, ambacho sote tulikikimbilia adhuhuri bila kukiri kwamba tunakipenda.

Bibi alifika katika nyumba hiyo akitoka Unguja, mtu mzima mwenye watoto wanne. Babu alikuwa amerudi kwao. Bibi alikuwa amehama kwao. Tofauti hiyo haikuzungumzwa nyumbani.

Babu alipofariki, paa la banda nalo lilikuwa limeoza. Bibi akatangaza kwamba ataliezeka mwenyewe, na ataliezeka kama watu. Akawaelekeza vibarua wawili wasimamishe makombamoyo ya kubebea paa, wafunge fito, na waache mteremko mkali wa kumwaga maji pande mbili, katika nchi ambayo mapaa yote yamelala. Makuti akayashona yeye, kwa namna ya kwao. Tatizo ni kwamba jani la mnazi hukunjika likatulia, na jani la mtende huvunjika, tena lina miba. Aliyaroweka siku tatu kwenye falaji, mfereji unaonywesha mitende, akayashona vidole vikimtoka damu. "Mnazi mpole," aliniambia, "mtende una kiburi. Lakini nao utazoea, kama nilivyozoea mie."

Majirani walicheka kwa adabu. Mmoja aliuliza kama tumepata wageni wa kibedui waliopiga hema. Mwengine alisema banda letu limevaa kofia na sasa linahitaji kanzu. Ami Nasoro hakucheka. Alikuwa mhandisi, na aliona mianya kati ya makuti na mchanga ulioingia kwenye majani ya ng'ombe. Alitaka mabati. Walibishana wiki nzima, yeye kwa hesabu, Bibi kwa kunyamaza, hadi Bibi alipompa sharti: ingojewe mvua. Paa likivuja, alete mabati yake. Lisipovuja, libaki muda wote yeye Bibi yu hai. "Mvua ndiyo kadhi, Nasoro." Ami akakubali. Nami nikateuliwa shahidi, kwa kuwa nilijulikana kuhesabu kila kitu, hata kokwa za tende nilizokula.

Mvua ya Ibra haina ahadi. Tuliingoja karibu miaka miwili. Kila wingu lilipojikusanya juu ya milima, Bibi alitoka akasimama uani, na wingu lilipopita akarudi jikoni.

Ilikuja alasiri moja, ghafla, kama iliyotumwa. Bibi alinishika mkono tukakimbilia bandani, akaketi juu ya kikapu kilichopinduliwa. Kwenye paa la udongo mvua haina sauti, na kwenye saruji husikika tu inapomwagika nje. Juu ya makuti ililia kama mchele unaopepetwa kwenye ungo mkubwa usio na mwisho. Bibi alifumba macho. Mimi nilikuwa na kazi: kila maji yalipotona niliweka kokwa ya tende. Tone moja lilimwangukia yeye utosini, naye hakusogea. Sikuwa nimewahi kumwona ametulia hivyo, na nilidhani ameridhishwa na kazi yangu.

Ami alifika mvua ikikatika. Aliangalia sakafu, akamwangalia mama yake, ushungi uliolowa umemganda kichwani.

"Limevuja, Mama?"

"Halikuvuja."

Akasema, "Haya," akageuka kuondoka. Alipofika mlangoni akanitania, kama watu wazima wanavyotania watoto: "Na shahidi anasemaje?"

"Limevuja sehemu kumi na moja," nikasema, nikamwonyesha kokwa zangu.

Nilingoja sifa. Ami alinitazama kama mtu aliyekanyaga mwiba. Bibi ndiye aliyesema. "Mtoto kasema kweli. Lete mabati yako, mwanangu." Kisha akanipangusa uso kwa pembe ya ushungi wake, na hakunilaumu siku ile wala siku nyengine.

Mvua iliyofuata ilinguruma juu ya mabati hata ng'ombe wakashtuka. Halikupenya hata tone. Nilikwenda mbio kumpa Bibi habari, nikamkuta ndani ya chumba cha saruji, mlango kaufunga, kiyoyozi kinavuma, anakunja nguo zilizokwisha kukunjwa. "Alhamdulillahi," akasema, na akaendelea kukunja.

Nimesoma miaka mingi jinsi nyumba zinavyoongezwa na kupunguzwa, na nimechelewa kufahamu jambo ambalo Ami alilifahamu papo hapo, akiwa na ushahidi wote miguuni pake: mama yake alikuwa akiomba aachiwe paa lake, na yeye alikwisha kumpa. Mimi niliwarudisha kwenye hesabu.

Bibi alifariki Shaabani iliyopita. Siku ya tatu ya matanga, wageni walipopungua, Ami Nasoro, mzee sasa, aliketi karibu nami. Akazungumza habari za shamba, za ghala lililobomoka, za mitende aliyoikata. Kisha akaniuliza, bila kunitazama, kama ninakumbuka lile paa la mama, na kama kweli lilivuja.

"Halikuvuja, Ami," nikamwambia.

Akaitikia kwa kichwa, akanimiminia kahawa.