Karibu, Mfuko, Asante

Gideoni Chilongani alikuwa na tabia moja ambayo wauza nyanya wa Majengo walishaizoea: kuuliza bei na kuondoka. Atauliza nyanya, akitoka hapo vitunguu, akitoka hapo mchicha, na hanunui. Tabu, mwanamke wa Kondoa mwenye genge pale kona, alimhesabu kuwa bahili aliyepitiliza. Masikini, hakujua. Gideoni hakuwa na shida na nyanya za mtu. Alikuwa anatafuta wa kumjibu.

Na huyu bwana, nakwambia, zamani alikuwa domo la soko zima la Kibaigwa. Dalali wa mahindi. Lori likisimama tu, Gideoni kashafika, kashamshika dereva mkono, kashajua anatoka wapi na mama yake hajambo, na kabla hawajaigusa bei wameshakuwa ndugu. Walikuwa wakimtania kwamba akinyamaza basi ujue amelala. Kisha mkewe, Angelina, akaanza kuumwa figo. Gideoni akaacha shughuli zake, akamleta Dodoma mjini, wakapanga chumba Majengo ili wawe karibu na hospitali. Angelina hakupona. Wakaenda kumzika Gulwe, kwao Gideoni, watu wakajaa, wakalia, wakatawanyika, naye akarudi mjini kuchukua vyombo vyao. Mpaka leo hajavichukua.

Angekwenda navyo wapi? Gulwe wazazi wake walishakufa na ndugu kila mmoja na upande wake. Kibaigwa kila dereva angemuuliza shemeji hajambo. Akabaki pale pale chumbani. Wapangaji wenzake ni wanafunzi wa chuo, wanapita na visikilizio vya simu masikioni, "mambo mzee," mlango unafungwa. Binti yake yuko Mwanza, anapiga simu siku za sikukuu. Zilikuwepo siku jua linachomoza mpaka linazama, sauti yake mwenyewe hajaisikia. Upweke ulikuwa unamla mzima mzima. Asingeona aibu kulisema hilo, ila amwambie nani?

Basi ikafunguliwa supamaketi mpya mjini, ikabandika tangazo kwamba inahitaji wafanyakazi. Gideoni alisimama nje ya kioo akitazama ndani. Akaona meza ya kupimia mboga na matunda, dada mmoja kasimama nyuma ya mizani, na watu wanamwendea mmoja baada ya mwingine bila kukatika. Akajisemea, hapa ndipo penyewe. Mtu akisimama pale, watu watake wasitake, lazima waje mbele yake. Pesa hakuiwaza sana, maana shamba la Gulwe lilikuwa linamtosha kula. Alichowaza ni kwamba siku moja mteja atamzoea, atamwita kwa jina lake.

Siku ya usaili alivaa shati lake jeupe, lile la msibani, kwa sababu ndilo zuri alilonalo. Meneja alikuwa msichana wa rika la bintiye, anaitwa Ikram, kajitanda ushungi, mchangamfu na mwenye haraka.

"Shikamoo baba," akasema.

"Marahaba mwanangu."

Wakakaa, na ubaba ukaishia hapo hapo.

"Ndugu Gideoni, kwa nini unataka kazi hii?"

Vijana waliokuwa wakisubiri nje walikuwa wamekariri majibu yao, mara kupenda changamoto, mara kukuza vipaji. Gideoni naye alikuwa ameandaa lake kuhusu uzoefu wa Kibaigwa. Likamtoka kichwani lote.

"Nataka watu," akasema.

"Watu gani?"

"Wowote. Nakaa peke yangu."

Ikram alimtazama kidogo, akaona haya kwa niaba yake, akafunga faili. "Watu hapa hawakosekani. Twende nikuone kwenye mizani."

Kazi yenyewe haikuwa na ugumu. Unaweka mzigo, unabonyeza picha ya kilichomo, karatasi ya bei inatoka, unaibandika. Ugumu ulikuwa kwenye sharti.

"Hapa mteja ana haraka," Ikram akamwambia. "Maneno yetu ni matatu: karibu, mfuko, asante. Hakuna shikamoo, hakuna habari za nyumbani. Kijana aliyetangulia amenirundikia foleni kwa stori zake, nimemrudisha kwao. Mimi nitasimama pale kwenye friji, naangalia."

Kumwambia dalali wa Kibaigwa maneno matatu ni kumfunga kamba ya mdomo. Lakini mzee akajikaza. Karibu. Mfuko? Asante. Karibu. Mfuko? Asante. Watu walikuja kweli, wengi kuliko alivyoota, huyu na simu sikioni, yule anagombana na mtoto, wanapokea vifurushi vyao na kwenda. Hakuna aliyemtazama usoni. Akaanza kuona baridi rohoni, akajipa moyo kwamba ndiyo kwanza anaanza, watamzoea tu.

Ndipo akasikia, "Mbukwenyi."

Mikono ikamsimama. Hiyo ni salamu ya kwao, ya Kigogo, na tangu msibani hakuna aliyempa. Mbele yake alisimama bibi mmoja kashika mfuko wa viazi, jicho moja limefunikwa bandeji ya kliniki ya macho. Alikuwa Mama Castory wa Gulwe. Castory ndiye aliyechunga naye mbuzi utotoni, na huyu mama ndiye aliyewapa uji kila walipowarudisha zizini. Angelina alipozikwa, watu wote walipokwishaondoka, ni yeye aliyebaki akisugua masufuria mpaka la mwisho, bila kusema kitu.

Sasa, salamu ya Kigogo haikatwi. Ukiitikia tu "mbukwa" umeshaingia: utaulizwa umeamkaje, nyumba imeamkaje, mvua ikoje, mifugo ikoje, na wewe lazima urudishe yote, moja moja, kwa mtu aliyekuzidi umri ndiyo kabisa. Kuitikia nusu ukamgeukia mwingine ni kumvunjia mtu heshima hadharani. Ni yote au hakuna. Gideoni alilijua hilo. Alijua pia kwamba nyuma ya bibi foleni imeshafika kwenye mikate, na Ikram pale kwenye friji ametulia anamtazama yeye.

Bibi akasogea, akamkazia lile jicho zima, akahamia Kiswahili. "Wewe si Gideoni? Gideoni wa Chilongani?"

Jina lake, na la baba yake juu.

"Karibu," Gideoni akasema. "Mfuko?"

Mama Castory akarudi nyuma, akanywea. "Samahani baba. Macho yangu haya. Nimekufananisha na mtoto wetu mmoja."

Gideoni akabandika karatasi kwenye viazi. "Asante," akasema.

Foleni ikaendelea. Baada ya muda Ikram akaja na tabasamu, akamwita ofisini, akampa fulana ya kazi ndani ya mfuko. Umepata, akamwambia, Jumatatu uanze. "Nilidhani wewe ndiye utaongea kuliko wote. Lakini hata yule bibi umemmaliza vizuri, na hajakasirika." Akavuta kalamu. "Nipe majina kamili nikuandikishe."

"Gideoni Chilongani."

Kalamu ikasimama. "Chilongani? Si ndilo alilolitaja yule bibi?"

Mlango wa ofisi ulikuwa wazi. Angeweza kusema ndiyo, yule ni mama yangu, niruhusu nimkimbilie. Lakini kusema hivyo ni kukiri kwamba amemkana.

"Alinifananisha," akasema, na Ikram na haraka zake akaandika.

Alipotoka nje alitazama kila upande. Mlinzi akamwambia bibi mwenye bandeji alikaa sana pale kwenye ngazi, kisha mwanawe akaja na bajaji, wameondoka sasa hivi tu. Mwanawe yupi, Gideoni hakuuliza. Alijua ni Castory.

Akarudi Majengo kwa miguu. Pale kona hakuuliza bei ya nyanya wala ya kitu kingine, alikuwa anapita zake kichwa chini, mpaka Tabu mwenyewe akashangaa.

"Mzee, leo hata salamu? Umebeba nini humo?"

Gideoni akasimama. Ilikuwa mara ya kwanza Tabu kumwanza yeye.

"Nimepata kazi," akasema.

"Hongera baba. Kazi ya nini?"

Akaufungua mfuko, akaitazama ile fulana, akaufunga tena.

"Ya kuwa na watu," akasema, na machozi yakamtoka pale pale mbele ya genge, akashindwa kueleza zaidi.