Telefone Ilisema Nakuja

Mi nilisoma kidogo sana. Donc mujukuu wangu musichana aliponipatia telefone ya kugusa-gusa, nilimuambia hii ni ya watu wa biro, wenye kukaa kwa ofisi. Akacheka.

"Koko, we unauza sambaza kushinda watu wote wa biro. Ikala hapa, kaa nikuonyeshe."

Sambaza ni ule samaki mudogo wa ziwa yetu ya Kivu. Nauzaka hapa Gisenyi tangu nirudi kutoka Kongo, na siku hizi wakiriya, wenye kuninunulia, hawaulizi na mudomo tena, wanaandika. Mujukuu akanionyesha: ukigusa e, ubakishe kidole pale juu, usitoe, e inazaa watoto. Moja iko na kofia, moja iko na kaalama kanalala huku, ingine kanalala kule. Nilicheka mupaka machozi! Iko mukiriya wangu mumoja wa oteli, anapendaka Kifaransa yenye imevaa vizuri. Nikamuandikia sambaza ni très frais, mubichi kabisa, na kaalama kake juu. Akajibu: "Mama, umerudia kwa masomo?"

Halafu mujukuu akaniletea ile kubwa. "Koko, maneno yenye unaandikaka kila siku, tunaiweka ndani. We unaandika herufi mbili tu, yenyewe inamalizia." Tukaweka sb, ikawa: Sambaza iko, mubichi na mukavu, karibu. Tukaweka ya kupongeza mwenye amezaa. "Na ya pole?" akaniuliza. Ni kweli, kwa kanisa yetu hakukosekani mwenye amefiwa. Nilikuwa naanika sambaza, mikono iko maji-maji, nikamuambia atafute maneno yeye mwenyewe. Akaandika, akanisomea haraka-haraka, nikasema amina.

Bon. P na o, na pole inatoka ndefu kama sala ya padri. Mi nasoma kama mutu anatembea kwa mawe ya volkano, donc maneno ya mbele nilijua, ya nyuma sikuyafikaka. Kwa grupu ya wamama wa kanisa nilikuwa wa kwanza kila mara. Walikuwa wanasema, "Huyu mama iko na roho muzuri!" Na mi nafurahi, sitaficha.

Sasa iko rafiki yangu mwenye tuliuza naye kwa meza moja miaka mingi. Alihamia Kanzenze kwa mutoto wake, kulima viazi. Asubuhi moja alituma habari: dada yake amekufa. Pirogi za wavuvi zilikuwa zimefika, wakiriya wananivuta nguo. Po. Nikatuma. Nikaendelea kupima samaki.

Kwetu, mutu akikufa, watu wanakaa kilio kwa ile nyumba, hakuna mwenye anashika jembe. Kisha kuko siku ya kuimaliza: wanakutana, wanakunywa pamoja, wanasema maneno ya mwisho, na kesho yake kila mutu anarudia kwa kazi. Siku ile ikapita, mi niko kwa sambaza yangu.

Nikakutana kwa soko na jirani wake wa Kanzenze. Hakunisalimia muzuri.

"We mama, ulikuwa wapi? Tulikungoja."

"Muliningoja wapi?"

"Kwa kumaliza kilio! Rafiki yako alikatalia watu kunywa. Alisema, ameandika anakuja, tumungoje. Jua ikaenda, watu wa mbali wakaanza kutoka. Wakwe wakamuambia, rafiki yako amepotelea ndani ya telefone."

Nikafungua ile telefone pale pale, nikasoma pole yangu, kidole chini ya kila neno, mupaka mwisho. Mwisho ilisema: Nakuja kukaa na wewe. Yoo, Mana we, Mungu wangu! Mutoto alifikiri ni maneno muzuri ya kufariji. Na mi nilisema amina. Nikaanza kukumbuka wote wenye niliwatumia. Nani mwingine aliniwekea kiti?

Sikumuandikia kitu. Kesho yake niliacha sambaza kwa jirani wangu wa soko, nikapanda Kanzenze. Nilimukuta kwa mulango, anachambua maharagi. Hakusimama.

"Umekuja na miguu ama na telefone?"

"Na miguu, dada."

"Walinicheka mbele ya wakwe."

"Najua."

"Wapi! Hujui. Niliwaambia, huyu kuandika kunamusumbua sana. Huyu hawezi kuteseka kuandika kitu kama hatakifanya."

Pale ndio moyo ilinikatika. Ningeweza kusema ni mutoto aliandika. Mudomo ilifunguka, nikaifunga. Nikavuta maharagi upande yangu, tukachambua, akanielezea dada yake alivyokufa, yote, tangu homa ya kwanza.

Nilipoaga, alibakia kwa mulango. Unajua kwetu mugeni anasindikizwa. Huyu alikuwa ananisindikizaka mupaka kwa barabara, tunasimama, tunacheka, tunatembea tena kidogo. Siku ile nilishuka peke yangu, sikujua nitupe macho wapi.

Tangu pale narudiaka. Juzi alinisindikiza mupaka kwa robine, ile bomba ya maji, akasimama, akasema, "Bon, fika muzuri." Barabara iko mbele ya pale, si mbali. Sikumuomba afike.