Mkwe Kwenye Keria

Siku hizi vijana wanakaa sebuleni na mama wakwe zao, wanacheka meno nje. Siwalaumu. Sisi Wasukuma wa miaka ile ya hamsini, ukimwona mama mkwe anakuja njiani unaingia porini mpaka apite. Nilikuwa na miaka mitatu ya ndoa na sijauona uso wake, naye hajauona wangu. Heshima ndiyo ilikuwa hiyo.

Nilikuwa nafanya kazi mgodini Geita. Mke wangu alikuwa na mimba ya tatu. Mbili za kwanza ziliharibika. Alfajiri moja uchungu ukamshika kabla ya siku zake. Nikamfikisha hospitali ya mgodi, mkunga akampima, akatikisa kichwa. Mke wangu akanikamata shati, akasema neno moja tu: "Mayu." Alimtaka mama yake.

Nikapanda baiskeli mbio mpaka ukweni, kule karibu na ziwa, bila kufikiri. Mjinga mimi! Ilinipasa niende na dada yangu au mtu mwingine wa kumpakia mama. Nafika, shemeji zangu wote wamekwenda mnadani na baiskeli zao. Mama mkwe yuko peke yake na mbuzi.

Nikasimama nje ya ua, nimegeuka nyuma, na kwa kuwa mkwe haongeleshwi, nikapaza sauti kwa mbuzi: "Enyi mbuzi, mwambieni mama, binti yake ana uchungu na anamwita."

Nikasikia mlango unafungwa. Alikuja amejifunika kanga kichwa na uso, akakaa kwenye keria ameelekea nyuma, mgongo wake kwa mgongo wangu, na katikati yetu kifurushi cha dawa za mizizi. Nikaanza kukanyaga.

Tulifuata kijia cha ukingoni mwa mfereji, ule uliotoa maji kwenye lambo na kuyapeleka kwenye mitambo ya umeme ya mgodi, kule chini karibu na ziwa. Mvua ilikuwa imenyesha usiku. Milima ilikuwa kijani, yangeyange wamejipanga majini, maua ya yungiyungi yamefunguka. Njia nzuri ajabu, na mimi sina hata moyo wa kuitazama. Yeye ndiye aliyetazama.

"Wewe mfereji," alisema nyuma yangu, "ziwa letu linazidi kuwa dogo kule nyuma. Sijawahi kuliona kwa mbali hivi."

Baada ya kitambo: "Mfereji, muulize huyo anayeendesha, mwanangu anakula?"

"Mfereji, mwambie mama, jana alikunywa uji bakuli zima."

"Mwambie asinidanganye."

Ah! Nilimpenda hapohapo. Kweli nilikuwa nadanganya. Mke wangu alikunywa vijiko viwili.

Tulipofika kwenye lambo, maji niliyoyavuka kirahisi wakati wa kuja yalikuwa yamefurika, yanapita juu ya njia kwa nguvu, yananifika pajani. Nikavusha baiskeli kwanza, nikarudi. Sasa? Mkono wa mkwe haushikwi. Nikachomoa pampu ya baiskeli, nikageuza uso pembeni, nikamnyooshea. Akashika mpini, mimi nikashika upande wa pili, tukaingia majini. Tulipofika katikati maji yakamsukuma. Akavuta, na pampu nayo, kama ilivyoumbwa, ikarefuka! Mpini ukatoka wote, nikabaki na bomba tupu. Nilisikia amepiga magoti majini.

Nikasimama kama gogo. Mungu anisamehe, nilisimama. Nilikuwa nawaza mila, na mama wa watu anakwenda na maji.

"Nishike!" alifoka. Safari hii hakuuambia mfereji. "Nishike mkono wewe, mwanangu yuko peke yake kule!"

Nikamshika. Mkono wake ulikuwa mdogo, mgumu kwa jembe. Sikuuachia mpaka ukingoni, naye hakuuvuta. Akajifunika upya kanga iliyolowa, akapanda.

"Kanyaga, baba," akasema. "Kanyaga."

Nilikanyaga mpaka magoti yakawaka moto. Hospitalini aliruka kabla sijasimama, akaingia chumbani. Mimi nikabaki nje na baiskeli. Nilimsikia mke wangu akilia "Mayu!", kisha sauti ya mama chini chini, taratibu, kama anayembembeleza mtoto alale. Sijui nilikaa muda gani. Niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa kule chini mgodini.

Mtoto akalia.

Mama mkwe akatoka. Kanga, iliyokwisha kukauka kwa upepo njiani, alikuwa ameitumia kumfunika mtoto, kwa hiyo hakuwa na cha kujifunikia. Akanitazama usoni wazi, na mimi nikamtazama. "Wazima," akasema. "Wote wawili."

Macho yalikuwa ya mke wangu. Kidevu kilikuwa cha mke wangu, na mikunjo ya kucheka pembeni mwa mdomo ambayo mke wangu alikuwa bado hajaipata. Nikaona mke wangu atakavyokuwa akizeeka, nikamwomba Mungu nifike kuiona ile mikunjo.

Nimefika. Naiona kila asubuhi, akininung'unikia kwamba chai yangu inapoa.