Nyayo za Katambuga Nyuma ya Kanisa

Jumapili, tarehe 8 Agosti 1993, beberu aliyetolewa sadaka ya mavuno katika kijiji kimoja cha Chanzuru, Kilosa, alitoweka nyuma ya kanisa kabla ya mnada. Hilo ndilo jambo pekee ambalo mashahidi wote wanakubaliana juu yake.

Aliyeitwa ni Yared, mkulima wa makamo. Tangu ujana wake, kuku akiibwa yeye ndiye aliyeinama kusoma mchanga, na alichosema hakikupingwa. Siku ile alikuta alama za katambuga, viatu vinavyokatwa kwenye tairi, akazifuata kutoka kwenye kigingi alipofungwa beberu hadi njia ya bondeni iendayo kwenye maboma ya wafugaji. Kwa mazoea yake, katambuga zilikuwa za wafugaji. Mkulima alitembea peku au kwa kandambili. Akalitaja boma la karibu zaidi, la Sayialel.

Mwenyekiti wa kijiji, Beda, aliitisha mkutano palepale. Ikithibitika, Sayialel angehamishwa kutoka bondeni, yeye, familia na mifugo yake.

Sayialel alikuja na mkewe, Naserian.

"Shikamoo, mzee Yared."

"Marahaba."

"Mzee, boma langu limejaa mbuzi. Niibe beberu wa Mungu, tena mwenye chongo?"

Watu walicheka. Beda hakucheka. "Nyayo hazina utani, Sayialel."

Naserian akasema, "Basi mzee asome na miguu ya hapa."

Yared akatazama. Tangu serikali iliporuhusu biashara huria, fundi mmoja wa Kimamba alikuwa akipata matairi chakavu ya malori kwa wingi, na katambuga zilikuwa zimejaa gulioni. Beda alizivaa. Mzee wa kanisa alizivaa. Ndipo mke wa Yared, Verdiana, alipopaza sauti:

"Na wewe je, baba Imani? Hizo zako umeazima bomani?"

Yared aliinamia miguu yake. Asubuhi alikuwa amepita njia ileile ya bondeni, akitoka shambani na mahindi ya sadaka, akayatua nyuma ya kanisa karibu na kigingi, kisha akarudi kwa njia hiyohiyo kufuata mzigo wa pili. Alikanyaga vumbi, akainua mguu, akalinganisha na alama za kigingini. Alirudia mara kadhaa. Wanaokumbuka wanasema uso wake ulikuwa kama wa mtu aliyeamshwa katika nyumba asiyoijua.

"Neno langu nalirudisha," alisema. "Sijui."

"Hujui, au unamwogopa mtu?" Beda aliuliza.

"Sijui, mwenyekiti."

Sayialel hakuhamishwa. Yared hakusoma tena nyayo hadi alipofariki. Alipoitwa, alijibu kwamba mashamba yanamngoja. Verdiana anashikilia kwamba mumewe alimtambua mwizi pale mkutanoni akamficha. Naserian anakataa: mzee, asema, alijitilia shaka mwenyewe, na ndiyo sababu walibaki bondeni.

Nani alimchukua beberu yule, na kama nyayo alizozifuata Yared zilikuwa za mwizi au zake mwenyewe, haijulikani.