Siku Watoto wa Kemuma Walipotiwa Kwenye Mizani ya Chai

Mtu asiniambie Kemuma alikuwa mchoyo. Nimeishi naye ua kwa ua hapa Manga tangu alipoolewa, na nimekula kwake mara nyingi kuliko nilivyokula kwangu. Ukitaka mimi Drusilla tugombane leo hii, sema tu kwamba aliwalisha watoto wake nyasi. Maneno hayo yalisemwa, na walioyasema nawajua kwa majina.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya sabini, wakati chai ilipowatia watu wazimu huku kwetu. Waling'oa wimbi la uji, wakang'oa migomba, wakapanda chai mpaka mlangoni pa choo. Na sisi ni Wasabato jamani, chai yenyewe kanisani tumekatazwa kuinywa! Tukawa tunalima jani tusilolila wala kulinywa, na majani yanayoliwa tunayang'oa tukiyaita magugu. Nilimuuliza mume wangu kama anaiona akili iliyomo humo. Akaniambia nichukue kikapu niende nikachume chai.

Kemuma na mumewe Momanyi walikuwa na kishamba chembamba, na pesa za majani zilikuwa zikiingia asubuhi, jioni zimekwisha. Kwa hiyo Kemuma alijipangia mambo yake. Pembeni mwa chai alipanda chinsaga, ile mboga chungu ya kienyeji, akaipika polepole kwa maziwa kidogo mpaka uchungu ukalainika. Maboga aliyala majani kwanza, boga baadaye, na mbegu akazikaanga. Kona yake ya wimbi alimkatalia mumewe katakata, haing'olewi. Siku ya soko alishuka Nyakoe kwa Aluoch, mama wa kutoka ziwani aliyeuza omena, vile vidagaa vikavu, akakaa akipiga naye soga hadi jua linapotua na Aluoch anataka kwenda zake. Hapo ndipo aliponunua, na mkebe ukajazwa mpaka ukamwagika. Dukani alifuata chumvi, kiberiti na mafuta ya taa, basi.

Sasa nikwambie juu ya Nyasani, kaka mkubwa wa Momanyi. Chai yake ilipomlipa vizuri mara moja tu, mkate ulimpanda kichwani. Asubuhi mkate, mchana mkate na soda, jioni mkate uliopakwa siagi. Makaratasi ya mkate hakuyatupa, aliyatundika kwenye ua wa nyumba yake, yapepee, wapita njia wahesabu wenyewe. Alipopita kwa mdogo wake na kusikia harufu ya chinsaga, alijifunika pua kwa kofia.

"Mwanamume mwenye chai analishwa majani kama mbuzi," alisema. "Aibu gani hii!"

Angeishia hapo ningemsamehe. Lakini alikwenda kwa baba yao, mzee Obwocha, akamwambia watoto wa Momanyi wanakondeshwa, kwa hiyo wahamie kwake wakale kama watu. Na hapa kwetu watoto ni wa boma. Mzee akisema wanahama, wanahama. Momanyi naye, mume wa kuokota yule, akakuna goti.

Kemuma alikuja kwangu mbio. "Dada, wakinichukulia Kerubo na Manasseh, nitabaki nikimpikia nani?"

Nikalia naye.

Mzee Obwocha hakuwa mbaya, na alitaka kuamua kwa haki. Ila kulikuwa na tatizo. Baba mkwe kwetu haingii nyumba ya mwanawe aliyeoa, ni mwiko. Kesi ilihusu kilichomo chunguni, na hakimu hawezi kuvuka kizingiti akakiona chungu! Basi mzee akaleta kigoda chake, akakaa nje ya ua wa Kemuma akinusa. Alinusa asubuhi, akanusa mchana.

"Hii ni omena," alisema. Baadaye kidogo, "Hii siijui, lakini imenitia njaa."

Nyasani akataka chungu kitolewe nje kikaguliwe. Mke wa mzee akafoka kwamba chungu cha mkaza mwana si mwizi hata kiburutwe hadharani.

"Haya," mzee akasema, amechoka. "Chakula msinionyeshe. Nionyesheni kilichotoka kwenye chakula."

Watu tukatazamana. Momanyi akaanza kutazama upande wa choo.

"Watoto, wajinga nyinyi!" mzee akapiga kelele. "Nionyesheni watoto! Wapimwe, na mzito ndiye aliyelishwa."

Ndipo tukateremka bondeni, ukoo mzima, mpaka kituo cha kuuzia majani chai, kwa kuwa mizani ya haki ilikuwa hapo tu. Karani wa kituo, kijana aitwaye Ouma, alitutazama tukimpangia watoto kwenye foleni nyuma ya magunia.

"Mzee, mimi hupima majani."

"Pima," mzee akasema. "Hata hawa wamechumwa nyumbani."

Ouma akaona heri apime ili tuondoke. Kerubo alitiwa guniani, akaning'inizwa kwenye ndoano, akazunguka taratibu akitutazama mmoja mmoja. Kisha akatiwa Mogaka, mwana wa Nyasani, rika lake. Huyo alikuwa amenyweshwa soda njia nzima, tumbo limekaza, hawezi hata kucheka. Ouma, kwa mazoea yake, akakata uzito wa gunia, halafu akamtomasa Mogaka tumboni akasema huyu ana maji, lazima akatwe na kilo za maji kama majani yaliyoloa. Nyasani akamrukia akidai mtoto wake ni daraja la kwanza! Walibishana mpaka wenye majani wakaanza kutupigia miluzi.

Hata baada ya kukatwa, Mogaka alikuwa mzito zaidi. Mizani ilisema, kila mtu aliona. Mzee Obwocha akasema neno ni neno, watoto wa Kemuma wanalala kwa Nyasani leo, wapate nguvu. Kemuma hakulia. Alifunga leso kiunoni, akamfuta Kerubo vumbi la majani usoni, mkono ukakawia pale shavuni. Mimi nilikuwa nimechemka kiasi kwamba ningeing'oa mizani ile nikampiga nayo mtu.

Tukaanza kupanda kurudi, na mvua ikashuka. Njia ya mlima wetu ikinyesha ni sabuni tupu. Hatujafika hata nusu, Mogaka akaketi kwenye tope, akakataa kabisa kwenda. Baba yake akamwinua, akapiga hatua kidogo, akamweka chini, akaanza kuhema hata sisi tukamwogopea. Akajaribu tena, wakaanguka wote wawili.

Nani alimtuma Kerubo, sijui. Nilimwona tu amechuchumaa, Mogaka amempanda mgongoni, na mtoto wa majani anapanda mlima, vidole vya miguu vimeshika tope. Manasseh mdogo alikuwa nyuma akisukuma. Ukoo wote tuliwafuata, na Nyasani wa mwisho, akijikokota kwa mkongojo alioazima kwa babake.

Kerubo hakusimama mpaka mlangoni pa Nyasani, chini ya makaratasi ya mkate yaliyoloa. Akamshusha Mogaka, akamsimamisha vizuri, akapangusa uso.

"Baba mkubwa, nimefika," akasema kwa adabu. "Wamesema nimeletwa kwako nipate nguvu. Nianze na kula nini?"

Nyasani akatazama mkongojo wa babake mkononi mwake, akaurudisha kwa mwenyewe.

Mzee akawageukia watu. "Watoto wanarudi kwa mama yao," akasema. "Na Mogaka aende nao."

Mnadhani Kemuma alishukuru? Thubutu! Alishika kiuno, mvua inamtiririka. "Baba, nimeshinda kesi au nimeongezewa mdomo? Chinsaga haipikwi kwa maji. Mogaka akija, ng'ombe wa maziwa wa kwao amfuate."

Jioni ile ng'ombe wa Nyasani aliletwa kwa kamba, na anayemvuta ni Nyasani mwenyewe. Akamfunga kwenye mti, akazungukazunguka uani akiuliza kama kamba inatosha. Kemuma alimwacha aulize wee, kisha akamwekea sahani ya chinsaga. Nje ya ua, mzee Obwocha alikuwa ameketi kigodani pake, mgongo ameuelekeza kwenye nyumba kwa heshima, na mkono ameunyoosha nyuma apewe sahani yake.